Mbwa akitoka uani, nani anajibu? Sheria za kamba katika kaunti za mashambani za Virginia

Kuna swali ambalo limetufikia mara kadhaa kutoka kwa ndugu zetu walioko Marekani, nalo halihusu ubatizo wala sadaka. Linahusu mbwa. Familia iliyotoka Fizi au Uvira, ikakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, leo inapanga nyumba yenye uwanja mpana nje kidogo ya mji, katika jimbo la Virginia. Jirani amewapa watoto mbwa mdogo. Mbwa amekua, naye anazunguka kama mbwa wa kwetu wanavyozunguka, asubuhi huku, jioni kule. Siku moja afisa mwenye sare anabisha hodi akiwa na karatasi mkononi. Ndipo simu inapigwa huku nyumbani: je, kule mbwa kutembea ni kosa?

Jibu la kweli ni kwamba inategemea kaunti unayoishi, na wakati mwingine inategemea upande wa barabara uliko. Tumeona heri tueleze jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hao ndugu zetu, ambao wanalipa faini kwa kosa wasilolijua. Ya pili ni sisi wenyewe tulio huku, maana ukifuata sheria ya kamba hadi kwenye mzizi wake unakuta swali ambalo vijiji vyetu pia vinapaswa kulijibu, na ambalo tunalijibu vibaya kila mara mtoto anapoumwa na mbwa.

Tumechagua Virginia kwa sababu inajulikana kwa watu wetu. Mji wa Harrisonburg, katika bonde la Shenandoah, umepokea Wakongomani wengi waliokuja kwa njia ya ukimbizi, na baadhi yao wanafanya kazi katika viwanda vya kuchinja kuku. Mji huo umezungukwa pande zote na kaunti ya Rockingham, ambayo ni nchi ya mashamba: kuku, bata mzinga, ng'ombe wa maziwa, na kondoo juu ya vilima. Mtu anaweza kufanya kazi mjini na kulala shambani.

Kwanza, kaunti ni nini? Ukubwa wake unaweza kukukumbusha teritware yetu, lakini haiongozwi na mtu aliyetumwa kutoka juu. Inaongozwa na baraza la wasimamizi ambao wananchi wenyewe wanawachagua. Virginia ina kaunti 95, na kando ya hizo ina miji 38 inayojitegemea, ambayo kisheria si sehemu ya kaunti yoyote hata kama imezungukwa na moja. Hilo peke yake linaeleza mkanganyiko mwingi. Ukivuka mpaka wa Harrisonburg kuingia Rockingham umetoka chini ya baraza moja na kuingia chini ya lingine, na mbwa wako amevuka pamoja nawe.

Lakini mabaraza hayo hayatungi sheria yapendavyo. Virginia inafuata mafundisho ya kisheria yanayoitwa kanuni ya Dillon, kwa jina la jaji mmoja wa karne ya 19: serikali ya chini ina mamlaka yale tu iliyopewa na jimbo. Jimbo lisiposema kwamba kaunti inaweza kufanya jambo fulani, haiwezi. Basi kuhusu mbwa jimbo limesema mambo mawili. Limeruhusu kila baraza kukataza mbwa kuzurura, katika eneo lote au sehemu fulani tu, mwaka mzima au miezi fulani tu. Tena limeruhusu baraza kwenda mbali zaidi na kudai kwamba mbwa awe kwenye kamba au azuiwe kwa njia nyingine, na hata kuomba wananchi waulizwe kwa kura kama sheria hiyo ianze kutumika.

Angalieni neno lililotumika: wameruhusu, hawakulazimisha. Ndiyo maana kaunti mbili zinazopakana zinaweza kuwa tofauti kabisa. Moja inadai kamba kila mahali. Nyingine inadai kamba katika vitongoji vyenye nyumba nyingi, lakini mashambani inaachilia. Nyingine haijatunga chochote juu ya kamba, ikabaki na sheria za jimbo peke yake. Ndugu anayesema "huku mbwa wanatembea, hakuna shida" na ndugu anayesema "huku nimelipa faini" wanaweza wote wawili kuwa wanasema kweli, na wanakaa kilometa kumi tu mmoja kutoka kwa mwenzake.

Sasa, kuzurura ni nini? Hapa wengi wetu wanapotea. Kwa sheria ya Virginia mbwa anazurura akiwa nje ya mali ya mwenyewe, akirandaranda, akikimbia au akijiwindia, wakati hayuko chini ya udhibiti wa karibu wa mwenyewe au wa yule anayemtunza. Maana yake ni kwamba ndani ya uwanja wako mbwa si mzururaji, hata bila kamba. Na ukitoka naye, katika kaunti isiyodai kamba, mbwa anayekutii unapomwita, aliye karibu nawe, si mzururaji pia. Lakini katika kaunti inayodai kamba, utii wake haukusaidii. Afisa anaangalia kama kuna kamba, basi. Mbwa mpole asiye na kamba amevunja sheria, na mbwa mkali mwenye kamba hajaivunja.

Mtu anaweza kuona huo ni upuuzi. Kwetu si upuuzi. Afisa hawezi kupima moyo wa mbwa barabarani, ila anaweza kuona kamba.

Uwanja nao una shida yake. Nyumba nyingi za mashambani kule hazina ukuta wala ua wa miti kama tulivyozoea Bukavu au Goma. Mpaka wa kiwanja ni mstari kwenye karatasi, na nyasi zako zinaendelea hadi zinakuwa nyasi za jirani. Mbwa hajui karatasi. Mpangaji aliyehamia juzi naye mara nyingi hajui mpaka uko wapi. Tunawashauri ndugu zetu wamwulize mwenye nyumba siku ile ile wanapokabidhiwa funguo, kisha wamwulize kama mkataba unakubali mbwa, kwa sababu mikataba mingi haikubali, na hiyo ni kesi nyingine isiyohusu kaunti hata kidogo.

Kwa nini nchi ya mashamba, yenye nafasi tele, inahangaika na kamba? Mtu angedhani sheria hii ilizaliwa mjini, palipo na watoto na msongamano. Lakini mashambani ina mzizi wake, nao ni kondoo. Mbwa wawili watatu wapole nyumbani, wakikutana usiku, huwa kundi, na kundi likiingia kwenye zizi haliui mmoja ili lile. Linakimbiza, linararua, linaacha, linakwenda kwa mwingine. Asubuhi mfugaji anahesabu mizoga. Ugomvi huu ni wa zamani. Thomas Jefferson, rais wa 3 wa Marekani, aliyefuga kondoo kwake Monticello katika kaunti ya Albemarle, alimwandikia mtu wa eneo lake mwaka 1811 akiunga mkono sheria ya kupunguza mbwa, kwa maneno makali yaliyoonyesha kwamba asingesikitika kama mbwa wote wangekwisha duniani. Huyu ni mtu aliyeandika habari za uhuru. Kondoo wake walipoguswa, uhuru wa mbwa haukumgusa.

Sheria ya leo bado inabeba hasira hiyo. Mtu yeyote anayemkuta mbwa akiua au kujeruhi mifugo au kuku ana haki ya kumwua palepale. Mwenye mifugo anayemkuta mbwa akiwakimbiza wanyama katika malisho yao ana haki hiyohiyo, ikiwa mazingira yanaonyesha kwamba ule mchezo unawadhuru. Hahitaji kwanza kwenda polisi. Tunalisisitiza jambo hili kwa ndugu zetu, kwa sababu katika nchi ya kuku na ng'ombe, nje ya mji, si faini inayopaswa kuwatisha zaidi. Mtoto anaweza kurudi kutoka shuleni asimkute mbwa wake, na sheria ikawa upande wa aliyefyatua risasi.

Mfugaji aliyepoteza wanyama naye ana njia ya kuomba fidia kutoka mfuko wa kaunti, hadi kiwango fulani kwa kila mnyama na kwa kila kuku. Masharti yake ni ya watu wanaojua kuhesabu: atoe ushahidi wa idadi na thamani, aeleze kwa nini anaamini ni mbwa, amjulishe afisa wa wanyama ndani ya saa 72 baada ya kugundua, na kwanza awe amemaliza njia za kisheria dhidi ya mwenye mbwa kama anajulikana. Kwa hiyo mkono wa kwanza unaotafutwa ni wa mwenye mbwa, na kaunti inasimama nyuma yake.

Halafu kuna wawindaji, na hapa mambo yanakuwa matamu kwa yeyote aliyekulia karibu na msitu. Jimbo lilipoyapa mabaraza ruhusa ya kukataza kuzurura, liliwatoa mbwa wanaotumika kuwinda. Si jambo dogo. Mbwa wa kuwinda hawezi kuwinda kwenye kamba. Kazi yake ni kukimbia mbele ya bwana wake akifuata harufu, wakati mwingine kwa saa nyingi. Kama sheria ya kamba ingemgusa, desturi nzima ingekufa. Na desturi hiyo ina nguvu Virginia: upande wa mashariki wa milima ya Blue Ridge watu wanawinda paa kwa mbwa tangu siku za ukoloni, na upande wa magharibi, ambako kuwinda paa kwa mbwa kumekatazwa, bado wanawinda dubu kwa mbwa.

Lakini mbwa anayefuata paa hasomi kibao cha "usiingie". Basi sheria ya Virginia inasema jambo ambalo wenye ardhi wengi hawalipendi: mwindaji ambaye mbwa wake wameingia katika shamba alilokatazwa anaweza kuingia kuwachukua. Ila aache bunduki na upinde nje, asiwinde humo, asiingie na gari bila ruhusa ya mwenye shamba, na akiulizwa jina alitaje. Akikataa kulitaja, amefanya kosa. Wenye mashamba wamelalamika miaka mingi kwamba huo ni mlango wazi kwa wahuni, na wawindaji wamejibu kwamba bila mlango huo mbwa wao wangepotea au kuuawa. Mabishano hayo yamefika hata mahakamani. Sisi tunaona sharti la kutaja jina limebeba uzito wote. Aliyeingia kwako bila silaha na akakuambia yeye ni nani, unajua kesho utamtafuta wapi.

Mgeni asiyewinda asijifiche nyuma ya ruhusa hii. Mbwa wa nyumbani aliyeamua mwenyewe kwenda kufukuza sungura si mbwa wa kuwinda mbele ya sheria. Tumeona hapo juu kwamba kujiwindia kumetajwa waziwazi kama namna ya kuzurura.

Tuseme kwa ufupi kuhusu leseni, maana ndiyo inayowashika wengi kabla hata kamba haijawashika. Katika Virginia mbwa aliyefikisha miezi minne lazima achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, ile tunayoita raje, na lazima awe na leseni ya mahali anapokaa. Ada ya leseni kwa mwaka haiwezi kuzidi dola 10. Daktari wa mifugo aliyemchanja anapeleka nakala ya cheti kwa mweka hazina wa kaunti au mji, hivyo usifikiri umejificha: ukichanja bila kukata leseni, jina lako tayari liko mezani. Fedha hizo zinasaidia kulipa afisa wa wanyama na kituo cha kuwatunza mbwa waliokamatwa, na kutoka hapo pia ndipo yule mwenye kondoo anapofidiwa. Kwa maneno mengine, wenye mbwa wote wa kaunti wanachangia hasara inayoletwa na mbwa wasio na bwana. Mpango huo tunaupenda.

Mbwa akikamatwa, kituo kinapaswa kumweka angalau siku tano kabla ya kumpa mtu mwingine au kumwua. Akiwa na mkanda wa shingoni au alama nyingine ya mwenyewe, anaongezewa siku tano, na wanajaribu kumtafuta bwana wake. Mkanda wa dola chache na kibati chenye namba ya simu vinaongeza maradufu maisha yake kituoni. Mwenye mbwa anakwenda na cheti cha chanjo, analipa gharama, anarudi naye nyumbani. Asiogope kwenda kwa sababu ya Kiingereza kidogo. Siku zinahesabiwa, aende hata na mtoto wa kumtafsiria.

Hadi hapa tumezungumza juu ya mbwa anayetembea. Akiuma je?

Mahakama za Virginia, kwa mapokeo waliyoyarithi kutoka Uingereza, zinauliza swali moja kwanza: je, mwenye mbwa alijua, au alipaswa kujua, kwamba mbwa huyu ana tabia ya kuuma? Kama mbwa hakuwahi kuonyesha ukali na siku moja akauma, aliyeumwa anaweza kupata shida kudai fidia kwa msingi huo. Baada ya hapo mwenye mbwa hawezi tena kusema hakujua. Lakini kuna njia ya pili, nayo ndiyo inayoipa sheria ya kamba meno yake. Kama kaunti ilidai kamba na wewe ulimwachilia, aliyeumwa hana haja ya kuthibitisha kwamba ulijua ukali wake. Anaweza kujenga kesi juu ya kuvunja sheria kwenyewe: umefanya uzembe, na uzembe wako umemjeruhi. Kamba inahamisha swali kutoka "ulijua nini?" kwenda "ulifanya nini?"

Msomaji wa Biblia amekwisha kusikia mwangwi. Katika Kutoka 21 kuna ng'ombe anayepiga watu kwa pembe. Akimwua mtu ghafula, ng'ombe anapigwa mawe na nyama yake hailiwi, lakini mwenyewe hana hatia. Kama ng'ombe alijulikana kwa tabia hiyo, mwenyewe akaonywa, asimfunge, hukumu inamfikia mwenyewe. Mara nyingi tunawaambia vijana kwamba sheria hizo za Musa ni kavu. Hii si kavu. Imeweka kizingiti mahali pa onyo: kabla ya onyo ni ajali, baada ya onyo ni dhambi ya mtu. Waamuzi wa Virginia, wakijua au wasijue, wanasimama karibu na kizingiti hicho. Hata utaratibu wao wa mbwa hatari unafanana. Mbwa aliyeuma anaweza kupelekwa mbele ya hakimu, na akitangazwa kuwa hatari, mwenyewe anaandikishwa, anaweka kibao cha onyo nyumbani, anamfunga mbwa mdomo na kumshika kwa kamba kila akitoka, na anatafuta bima au dhamana ya dola 100,000. Onyo linawekwa katika maandishi ili mtu asiseme hakusikia.

Na sisi Wakongomani je, tuna sheria gani? Wengi watashangaa kusikia kwamba kitabu chetu ni kikali kuliko chao. Kifungu cha 261 cha Kitabu cha Tatu cha sheria zetu za kiraia, kilichotoka katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinamfanya mwenye mnyama, au yule anayemtumia, awajibike kwa hasara aliyoileta mnyama huyo, awe chini ya ulinzi wake, awe amepotea, au awe ametoroka. Hakiulizi kwanza kama ulijua. Hakikupi nafasi ya kusema mbwa wangu ni mpole, wala kusema alikata kamba usiku. Mnyama ni wako, hasara ni yako.

Basi tuna sheria kali ya kulipa baada ya jeraha, na kule wana sheria kali ya kuzuia kabla ya jeraha. Tofauti inaonekana mahali jeraha lilipo. Kifungu cha 261 kinaamka mtoto akiwa amekwisha kuumwa. Na kijijini hakiamki hata hapo, kwa kuwa shauri linakwenda kwa mzee wa kijiji, linamalizwa kwa mbuzi mmoja au bila kitu, na mbwa anapigwa rungu jioni ileile. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema. Kwa raje hakuna hata ukuta wa kujenga. Dalili zikianza kuonekana kwa mtu, ugonjwa huu karibu kila mara unaua, na hakuna hospitali, si Bukavu, si Kampala, si Paris, inayoweza kuahidi kumponya. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa kwa raje kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi wao katika Afrika na Asia. Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto chini ya miaka 15.

Je, tuchukue sheria ya Virginia tuipeleke kwa mwami wetu aitangaze kesho sokoni? Hapana, na tunataka kueleza kwa nini, maana tumewahi kusikia viongozi wakitangaza kwamba mbwa wote wafungwe, na baada ya wiki mbili hakuna aliyefunga. Mbwa wa kijiji chetu anajilisha. Anakula mabaki, panya, na alichokipata nyuma ya jiko la jirani. Kumfunga mbwa ni kukubali kumlisha kila siku, na nyumba ambayo watoto wake wanakula mara moja haitakubali. Sheria ya kamba ya Virginia imesimama juu ya mfuko wa chakula cha mbwa unaonunuliwa dukani.

Tena kufunga vibaya ni hatari kuliko kutofunga. Mbwa aliyefungwa mchana kutwa kwa mnyororo wa nusu meta chini ya mparachichi anakuwa mkali, na siku akikatika, mtu wa kwanza kumkuta ni mtoto anayepita na ndoo ya maji. Virginia wenyewe wamelijua hilo, ndiyo maana sheria yao haisemi tu mbwa azuiwe, inasema pia jinsi ya kumfunga nje: kamba iwe ndefu kumpa nafasi ya kutembea, isizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na asiachwe amefungwa nje kwenye baridi ya kuganda wala joto la nyuzi 29 na zaidi, isipokuwa afisa wa wanyama ameridhika kwamba yuko salama. Anayefunga mbwa wake kule ajue kwamba mnyororo mfupi unaweza kumletea karatasi ya pili.

Kwetu, tungeanza upande mwingine. Tungeanza na kila mbwa kuwa na mtu anayekubali mbele ya majirani kwamba ni wake, hata kama ni kwa kitambaa chekundu shingoni, kwa sababu kifungu cha 261 hakina kazi kwa mbwa asiye na bwana. Halafu chanjo: wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100 wa eneo, ugonjwa unakosa njia ya kupita, na hivyo hata mbwa anayetembea hawi tena kifo kinachotembea. Kisha kamba kwa mbwa aliyekwisha kuuma au kutisha watu, yule tu, kwa onyo linalotolewa na mzee wa kijiji mbele ya mashahidi. Kijiji kinaweza kulisimamia hilo. Kanisa nalo lina mchango wake. Sehemu nyingi ni sisi tu tunaoweza kuwaambia watu kwenye nyumba mia mbili, Jumapili moja, kwamba daktari wa mifugo atakuwa uwanjani Alhamisi, waje na mbwa wao.

Na mtu akiumwa, Kongo au Virginia, mambo ya kwanza ni yaleyale. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, bila kukata, bila kuweka majani, mafuta wala petroli. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo na udai kuelezwa wapi chanjo ya raje inapatikana, kwa maana si kila kituo kinayo na inabidi wakati mwingine kusafiri. Chanjo haingoji. Mbwa anayejulikana, kama anaweza kushikwa bila hatari, asiuawe kwa hasira, afungwe na atazamwe siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa anaambukiza alipouma, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Akiugua au kufa, daktari ajulishwe mara moja. Akiuawa na kutupwa mtoni siku ya kwanza, familia inabaki haijui kitu.

Kule Virginia siku hizo 10 zinasimamiwa na idara ya afya, mara nyingi mbwa akiwa nyumbani kwa mwenyewe. Kwa muda huo asipelekwe kwa rafiki, asiuzwe, asifichwe katika kaunti nyingine. Ndugu zetu waliotuuliza wapige simu kwa afisa wa wanyama wa kaunti yao, wamtajie anwani yao, na wamwulize maswali matatu: hapa kamba inadaiwa, inadaiwa miezi gani, na mpaka wa sheria hiyo unaishia barabara ipi.